Ngozi Kati ya Gurudumu na Vali

Tulikuwa wanawake tele bandani, kila mmoja na mfuko wake wa mahindi, umbea umekolea kuliko chumvi, ndipo mashine ya Mdachi ikapiga chafya moja na kuzima.

Mashine kuukuu hiyo ilitusagia mahindi, ikamenya na kahawa ya shamba lake chini ya Nkoaranga. Lerionka ndiye aliyeitunza. Juu yake mikono miwili ya chuma ilibonyeza vali, ka-ka-ka, na mlio huo ndio uliokuwa afya yake. Lakini asubuhi hiyo Mdachi alikuwa na wageni wanaopenda utulivu. Nyapara Meitamei, kwa kutaka sifa, akavizia Lerionka ameenda mtoni kuchota maji, akashika spana akakaza nati mpaka kelele zikapungua. Namnyaki, mama wa kuzungusha gurudumu, alimwona.

Sasa vali zilikuwa zimeachama, hazifungi, na kijiti cha chuma kinachoshikilia mkono mmoja kimeng'oka kwenye tundu lake.

"Lerionka! Umeua mashine ya Bwana," akafoka Meitamei. "Isiponguruma kabla hajanywa kahawa yake, viboko hamsa ishirini!"

"Si wewe uliyekaza?"

"Nani kaniona? Aje asimame hapa, ubavuni pako, aseme."

Namnyaki ni mama mzazi wa mke wa Lerionka, na kwetu Waarusha mtu na mama mkwe wake hawatazamani, seuze kusimama ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana ngozi ya ng'ombe ilining'inizwa kati ya gurudumu na vali. Meitamei alilijua hilo vizuri. Yeye mwenyewe akimwona mama mkwe wake njiani huingia kwenye mibuni kama nguruwe! Na bado anasimama mikono kiunoni, anacheka.

"Huna haya!" nikamwambia.

"Funga bakuli, Simaloi."

Lerionka akakichomoa kile kijiti. Uzi wake, ile mikato ya kukazia, ulikuwa umelika, kinacheza. "Dada Simaloi, ningepata kitu chembamba cha kujazia."

Nyuma ya ngozi ukatokeza mkono, umeshika waya wa shaba, pambo lililofunguliwa kutoka kwenye kifundo cha mguu. "Mpe."

Lerionka akaugonga hadi ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, akauviringisha kwenye uzi, akakirudisha kijiti hadi kikashika barabara, kisha akazilegeza nati alizokaza Meitamei.

"Mwambie azungushe polepole."

"Zungusha polepole," nikasema, kana kwamba mama wa watu hana masikio.

"Mwambie limekuwa zito."

"Lerionka, limekuwa zito."

"Mwambie avuke hapo pazito kidogo tu, asimame."

"Simaloi leo simu ya Mdachi!" wakanicheka wenzangu.

Vali zote zikawa zimefunga. Lerionka akapenyeza ukanda wa ganda kavu la mgomba kati ya mkono wa chuma na vali, akakaza nati mpaka ukanda ukapita kwa kukwaruza. Mama akazungusha kwa nguvu. Ka-ka-ka! Tukapiga vigelegele.

"Bado ina kelele," akasema Meitamei, kiboko mkononi. "Haijapona. Lala chini."

Jamani! Na Lerionka akalala. Angefanyaje?

Ghafla mashine ikazima. Namnyaki alikuwa amefunga mafuta. "Simaloi, mwambie nyapara kimya alichokitaka ndicho hicho. Aje aizungushe mwenyewe."

Meitamei akalirukia gurudumu. Likamrudisha kinyume, likambwaga kwenye pumba. Mdachi akatoka mbio, kitambaa cha chakula kifuani. Kahawa yake iliyovunwa ingechacha isipomenywa.

"Nani kaizima?"

"Mimi," ikajibu ngozi. "Na aliyeiharibu asubuhi ni Meitamei. Nilimwona akikaza."

"Mwongo, anajificha!" akapiga kelele Meitamei. "Atoke!"

"Basi tumwite mama mkwe wako," nikasema, "asimame ubavuni pako, tujifunze inavyofanywa."

Akatazama njia, kisha miguu yake.

Mdachi hakutaka kujua la mila wala la haki. "Mwacheni huyu. Washa!" Akarudi kwenye kahawa yake. Hakuna aliyemwambia Lerionka pole, na kesho yake Meitamei alikuwa nyapara vilevile, kiboko kilekile. Ndilo linaloniunguza hadi leo.

Lerionka akainuka, akajipangusa vumbi.

"Dada Simaloi," akasema, ameipa ngozi kisogo, "mwambie mwenye shaba, mgongo wangu unamshukuru."

Nikageuka nimwambie. Gurudumu lilishaanza kuzunguka.