Taa Mbili za Bi Cheah

Sipendi kuambiwa "usiguse" na mtu aliyeniita nikague. Bi Cheah aliniambia hivyo mara tatu kabla sijafungua hata mkoba wa vifaa. Nyumba yake iko uchochoroni hapa George Town. Chini anauza biskuti za choroko, juu amepangisha vyumba vinne, na kila mwaka hapati leseni mpya mpaka mkaguzi wa umeme asaini. Mkaguzi huyo ni mimi, Teoh Kim Leng.

"Gusa popote, mwanangu," alisema. "Madhabahu ya mume wangu tu ndiyo uniachie. Taa za mzee hazijazimika tangu afariki, mwaka wa kumi na moja huu."

"Nakagua nyaya, Shangazi. Simkagui mzee."

"Mdomo huo umeurithi wapi? Mama yako mpole kabisa."

Nilizima swichi kuu. Feni zikasimama, oveni ikanyamaza. Kwenye madhabahu, kushoto na kulia kwa kibao chenye jina la marehemu, taa mbili nyekundu ziliendelea kuwaka.

"Za betri hizo," alisema haraka, wala sikuwa nimeuliza.

Mwaka jana aliniambia hayohayo, nami nikayameza. Kwetu mtu hatii mkono nyuma ya madhabahu ya wafu wa ukoo mwingine. Mama yangu angenitandika, na mvi zangu hizi. Kwa hiyo mwaka jana niligeuza macho, nikasaini, nikaondoka na pakiti ya biskuti kwapani. Safari hii nilipanda juu kwanza, lakini damu ilishaanza kunichemka.

Chumba cha mwisho anakaa Rohaida, mshona sare za shule, pamoja na mama yake, Bi Halijah, ambaye kiharusi kilimpoozesha upande mmoja miezi minane iliyopita. Nilimkuta Rohaida amemkalisha mama yake kwenye kigoda mlangoni mwa bafu, kamfunga kanga ya kuogea. Ukutani taa ndogo ya hita ya maji ilikuwa inawaka.

"Dada, umeme nimeuzima nyumba nzima," nilisema.

"Hita hii haizimiki, Kaka Leng. Mtaa mzima ukiwa na umeme na sisi breka zimeanguka, umeme umekatika, yenyewe inawaka tu. Ndiyo raha pekee ya chumba hiki."

Nilimwomba amrudishe mama nyuma. Nikagusisha testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye bomba la kuogea. Ikawaka.

Nilifuata waya. Ulikuwa mwembamba, wa kuwashia taa, umebabuka kwa joto, umepitishwa kwenye tundu la sakafu. Nilishuka, nikapiga magoti mbele ya kibao nikaomba radhi, kisha nikatia mkono nyuma ya madhabahu. Ulikuwa pale, umeungwa na waya wa taa za mzee, na waya wa taa umeungwa kabla ya swichi kuu, mahali ambapo hakuna breka yoyote ya kuukata.

"Nani kaunga hita hapa?"

Bi Cheah alipanga makopo yake ya biskuti. "Fundi. Ilikuwa inaangusha breka kila siku, wapangaji wananipigia kelele. Akasema tuipeleke kwenye laini isiyokatika. Tangu hapo kimya."

"Breka ilikuwa inaanguka kwa sababu hita ni mbovu! Ilikuwa inakwambia, Shangazi. Ukatafuta njia ya kuiziba mdomo."

"Usinipandishie sauti mbele ya mume wangu."

"Mume wako kafa. Nataka wa juu wasimfuate."

Niliyasema hayo na sijutii. Nilimwambia nakata laini yote sasa hivi, taa na hita. Alikuja akasimama kati yangu na madhabahu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mikono ina unga. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini ulimi haukulegea.

"Kata. Halafu niende ofisini kwenu na karatasi ya mwaka jana. Ina saini ya nani? Waya huu ulikuwepo. Tukianguka, tunaanguka wote."

Hapo ndipo hasira yangu iligeuka ikanirudia mwenyewe. Miaka kumi na tisa ya leseni, na bibi muuza biskuti amenishika pabaya, na ana haki. Niseme ukweli, nilifikiria kuhamisha hita kimyakimya, niziache taa, nisaini, niende zangu. Niliwaza hivyo huku bomba la juu likiwa bado lina umeme.

Kisha nikatoka nje, nikavunja lakiri ya kampuni ya umeme kwenye sanduku la mita, jambo nisiloruhusiwa, nikachomoa fyuzi kuu, taa za mzee zikazimika. Nyuma yangu Bi Cheah alilia kilio cha msibani.

Rohaida alikuwa kasimama kwenye ngazi. Alikuwa amesikia yote.

"Mama kila jioni anasema maji yanauma," alisema. "Maneno hayatoki vizuri, lakini hilo anasema. Mimi namwambia aache deko, kichwa chake kimechoka. Namshika kwa nguvu namwogesha." Alinitazama. "Mwaka jana ulikuja. Taa uliziona zinawaka?"

"Niliziona."

Nilidhani atanitukana. Nilitamani anitukane.

"Basi panda ukamwambie," alisema. "Mimi sina uso wa kumtazama."

Nilipanda. Bi Halijah alikuwa bado kwenye kigoda na kanga yake. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza kwamba maji yalikuwa na umeme, kwamba kichwa chake ni kizima, na kwamba kosa ni langu. Alisikiliza mpaka mwisho, akihangaika na mdomo ule wa upande mmoja.

"Nilisema," alisema.