Fundi wa Magari ya Mabua

Mzee Lameck Mazengo wa Kongwa hakuwahi kutengeneza hata kigoda, lakini watu wa rika lake walimwita Fundi. Nyumbani kwake ni mkewe Hana aliyepigilia misumari ukutani na kubadilisha koki ya bomba, na kitanda kilipolegea aliita seremala bila kumshauri mumewe. Jina lilikuwa la zamani, la enzi za kuchunga mbuzi, wakati magari ya mabua ya Lameck yaliposifiwa machungani kote. Mwenyewe alilivaa jina hilo kama koti la Jumapili.

Akiwa na miaka hamsini na saba, mzee wa kanisa na muuza dawa za mifugo, alijiunga na madarasa ya jioni ili apate cheti cha kidato cha nne. Walisomea katika shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu. Lameck aliingia katika dawati lake kwa sala, akatoka kwa msaada wa Angelina, mama lishe aliyekaa nyuma yake, mwenye mkono wa nguvu na mdomo usio na breki.

Mwalimu wao, Ikram, alikuwa binti wa Kondoa asiyefikisha hata miaka thelathini. Siku moja aliwapa insha: mchezo nilioupenda utotoni. Lameck aliandika kurasa nne. Alieleza alivyochagua mabua ya mtama, alivyoyamenya, alivyounda magurudumu na usukani mrefu wa kuendeshea umesimama. Alitaja kipaji ambacho Mungu alimwekea mikononi. Kisha akaongeza aya nzima ya kuwasikitikia watoto wa siku hizi, ambao vidole vyao havijui kazi ila kusugua simu. Alipoisoma tena ilimtoa machozi.

Ikram aliisoma mbele ya darasa. "Mzee Lameck, nimekupa themanini na tano," alisema. "Na Ijumaa ijayo tuna wageni wanaokuja kuona kazi za wanafunzi. Utatutengenezea gari hilo mbele yao."

"Mchungaji wangu anaweza kuja, Mwalimu?"

"Karibisha kanisa zima, mzee."

Akakaribisha kanisa zima.

Jumamosi aliomba mabua kwa jirani, akanoa kisu, akaketi uani. Alisali kwanza. Alimshukuru Mungu kwa kipaji, akaanza kumenya. Bua la kwanza lilipasuka. La pili likapasuka na kidole. Kufikia saa sita alikuwa ameunda kitu kilicholala chali, miguu juu, kama kuku aliyegongwa na lori. Akasali tena, safari hii kwa kirefu, na chakula cha mchana akakiacha ili sala ipate uzito. Sala ilipata uzito, bua halikupata adabu. Akalaumu mbegu za kisasa, kwamba zinatoa mabua yasiyo na maadili.

Hana alipita na ndoo, akasimama, akatazama kwa makini.

"Baba Elisante, hiyo ni ngazi ya kuku?"

"Ni gari, mama."

"Aa," alisema Hana, na akaenda zake haraka, mabega yakimtikisika.

Lameck aliona ni mikono tu iliyosahau. Akampigia simu dada yake mkubwa, Hilda, mjane aliyekuwa akikausha na kuuza samaki kule Mtera.

"Mbukwa, dada," alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mdogo wangu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka kukuuliza kitu. Yale magari ya mabua niliyokuwa natengeneza, magurudumu nilikuwa nayashikiza na nini?"

Lameck akadhani mtandao umekata. Kisha akasikia kicheko kilichoanzia mbali, kikakaribia, kikageuka kikohozi.

"Ngoja nikae chini," alisema Hilda. "Magari aliyokuwa anatengeneza nani?"

"Mimi."

"Lameck. Wewe hata kamba ya kaptula nilikuwa nakufunga mimi. Magari nilitengeneza mimi, juu ya dungu, nikiamia ndege kwenye mtama. Wewe ulikuwa unakuja kuyachukua."

"Lakini nakumbuka kabisa, dada! Naiona mikono ikimenya."

"Ndiyo, ulikuwa umekaa mbele yangu. Nilikupa kisu unishikie, na ulikuwa unakiangusha."

Baada ya simu Lameck alifumba macho, akairudisha ile picha. Mikono ilikuwepo, myepesi, ikichomeka vijiti vya maganda katika moyo mweupe wa bua. Na kwenye kifundo cha mkono wa kulia kulikuwa na bangili ya shanga ambazo shangazi yao alimpa Hilda. Miaka yote hiyo alikuwa akiitazama mikono ile na kuiita yake, wala shanga hazikumshtua.

Angeweza kwenda kumwambia mwalimu siku hiyohiyo. Badala yake aliomba ugonjwa. Hakuomba mkubwa, ila mafua, au tumbo la siku moja tu, la Ijumaa. Wiki hiyo alikuwa na afya ambayo hakuwa nayo tangu ujana. Hata goti liliacha kuuma. Rafiki yake Bartolomayo, waliyechunga naye, alimpigia kelele toka ng'ambo ya barabara: "Fundi! Ijumaa nakuja na wajukuu, waone mtu!"

Jumatano akampigia Hilda tena.

"Dada, njoo. Unitengenezee moja, nilifiche chini ya dawati. Wakati ukifika nitalitoa, niseme nilianza nyumbani."

"Kama zamani," alisema Hilda. Safari hii hakucheka.

"Kama zamani," alijibu Lameck. Akamsikia dada yake akipumua upande wa pili, akingoja kuambiwa saa ya kufika, kama alivyongoja siku zote.

"Hapana," alisema mwishowe. "Njoo Ijumaa, utengeneze mbele ya watu."

"Na wewe?"

"Mimi nitasema."

Ijumaa jioni darasa lilijaa. Mchungaji alikaa mbele, Bartolomayo na wajukuu dirishani. Hilda alikuwa pembeni na mzigo wa mabua aliyoyafunika kwa gunia bichi, maana bua kavu hupasuka, jambo ambalo fundi yeyote angelijua. Lameck alijitoa kwenye dawati, safari hii bila msaada, dawati likamfuata hatua mbili.

"Insha yangu ni ya uongo," alisema. "Sikuwahi kutengeneza gari hata moja. Alitengeneza dada yangu huyu. Mimi niliyaendesha, nikachukua sifa, na nimekaa na sifa hizo mpaka nikaziamini. Nimewadanganya ninyi, na yeye nimemwibia. Naomba mnisamehe. Dada, nisamehe."

Bartolomayo akaropoka dirishani: "Kwa hiyo yale maziwa niliyokuwa nakupa ili uniache niendeshe kidogo, alistahili kunywa Hilda?"

"Kila tone," alisema Lameck.

Darasa likaangua kicheko, mchungaji naye. Lameck, aliyekuwa amejiandaa kwa kilio na kusaga meno, aliona aibu ya pili: msiba aliokuwa ameubeba wiki nzima, kwa wenzake ulikuwa burudani.

"Utaiandika upya, mzee," alisema Ikram, akifuta themanini na tano kwenye daftari lake. "Na aya ya watoto na simu uitoe."

"Ile ilikuwa ya kweli, Mwalimu."

"Itoe."

"Ndiyo, Mwalimu."

Hilda alikuwa ameshaanza. Hakuna aliyemwona akipima. Kisu kilipita, ganda likatoka refu, gurudumu likakaa. Angelina aliinama karibu kabisa.

"Sasa mama, kwa nini hukuyaendesha mwenyewe?"

"Bibi yetu alisema msichana akiendesha gari la mabua atakosa mume. Nikimaliza tu, namwita huyu alichukue kabla sijashawishika."

"Na mume ulimpata?"

"Nilimpata, tukazaa sita, nikamzika. Sasa sijui bibi atanitisha na nini."

Gari lilipokamilika alisimama, akafunga vizuri khanga yake kiunoni, akashika usukani mrefu, akatoka nalo uani. Gari lilimfuata bila kuyumba, likitoa mlio mdogo wa maganda juu ya mchanga. Watu wakatoka nyuma yake. Wajukuu wa Bartolomayo walimkimbilia, akawazungushia kona, akawaacha.

Lameck alikimbia kidogo kuwa sambamba naye.

"Dada, nipe na mimi."

"Subiri."

Akasubiri. Hilda alizunguka mlingoti wa bendera mara ya pili, ya tatu, akipiga honi kwa mdomo kila alipokata kona. Lameck alisimama kando ya njia, mikono nyuma, akihesabu mizunguko, na ilipofika ya saba akaacha kuhesabu.