Namba ya Chaki

Basi siku hiyo maabara ya zege ilijaa mpaka mlangoni. Wanafunzi wa uhandisi, mwaka wa pili, kila kundi na kyubu yake mezani. Kyubu ni kipande cha zege chenye pande sawa, hakifiki shubiri, lakini ukikibeba utakijua: kilo nane na ushee. Zilikuwa zimelala kwenye tangi la maji siku ishirini na nane, na leo zinapasuliwa na mashine ijulikane nani ana zege la maana.

Sasa mwalimu wao, mwanamama mfupi, mbele yake wanamwita Dokta na nyuma ya mgongo Mama Kwanini, alikuwa na sheria yake. Kabla ya kupasua, kila kundi liandike kwa chaki ubavuni mwa kyubu namba ya nguvu ambayo mashine itaonyesha zege lao likivunjika.

"Sitoi alama kwa zege gumu," alisema. "Zege gumu mtu anaweza kubahatisha. Natoa kwa anayelijua zege lake. Ukikosea kwa mbili au chini, alama zote ishirini ni zako. Ukipitiliza tano, huna kitu."

Bi Fundi, mmoja wa wanafunzi hao, akaitazama kyubu ya kundi lake.

Walimwita hivyo kwa sababu amekulia kwenye saiti za kaka yake, fundi mwashi. Kushika sepetu kwake ni kama wengine kushika kijiko. Somo hili lakini lilimwangusha mwaka jana. Safari hii alama zake zilitosha kwa kukwaruza hata bila hizi ishirini, alimradi asiharibu. Akianguka tena anafungasha, na mama yake ameshaanza kumwita injinia mbele ya majirani.

Na alikuwa na siri.

Siku ya kuchanganya, wenzake wawili, Spika na Miwani, walikuwa pembeni wakipaka mafuta makasha ya chuma ya kumwagia zege. Zege likawa gumu, sepetu haigeuki. Kwa kaka, zege likigoma unaliongezea maji, basi. Mkono ukaenda wenyewe: kopo moja, chwaa! Likalainika vizuri kama uji. Kisha akajaza karatasi ya vipimo, maji lita mbili na nusu kama walivyopangiwa, akaweka saini.

Hakujua. Kweli kabisa hakujua. Wiki mbili baadaye ndipo Mama Kwanini alipochora ubaoni ule mstari unaoshuka: maji yakizidi, nguvu inapungua. Bi Fundi akalikumbuka lile kopo. Na siku hiyohiyo Dokta aliongeza: nikikamata karatasi ya uongo, somo zima limekwenda.

"Thelathini na nane," Spika alisema huku akiandika kwa herufi kubwa kama bango la duka. "Karatasi inasema, mstari unasema, mimi ni nani nibishe?"

Miwani alichekelea tu. Aliugua mwanzoni mwa muhula, majaribio mawili yakampita. Asipopata hizi ishirini anarudia somo, na kila mtu darasani alijua. Bi Fundi akamtazama anavyofuta vumbi kwenye kyubu kwa mkono wa shati, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Jamani subirini," akanong'ona. "Niliongeza maji."

"Maji gani?" Spika akauliza.

"Siku ile. Mlipokuwa mnapaka mafuta."

"Dada, acha utani."

"Utani gani na mimi mguu mmoja uko nje ya geti?"

Miwani akavua miwani yake, akaivaa tena. Akaacha kuifuta kyubu.

"Sasa sikia," Spika akasema kwa sauti ya chini, yeye ambaye sauti ya chini hana. "Tunaandika ndogo, tunasema tumekisia."

"Mama Kwanini atauliza kwa nini," Bi Fundi akasema.

"Basi tunasema mashine mbovu. Kila mwaka mashine ni mbovu!"

Bi Fundi akaona kabisa kwamba angeweza kunyamaza, yeye akapita, na Miwani akaanguka bila hata kujua kilichomwangusha. Ila sasa Miwani anajua. Akanyoosha mkono.

"Dokta. Karatasi yetu si ya kweli. Niliongeza maji mimi, wenzangu hawakuona."

Vichwa vyote vikageuka.

"Kwa nini?"

"Lilikuwa gumu kugeuza. Na saiti kwa kaka tunaongeza tu."

Watu wakacheka. Dokta hakucheka.

"Kiasi gani?"

"Kopo moja."

"Kopo si kipimo. Nenda kapime."

Akalichukua kopo, akalijaza mpaka chini kidogo ya ukingo kama alivyozoea, akaliweka kwenye mizani, akatoa uzito wa kopo lenyewe. Gramu mia tisa. Akarudi na kalamu: maji sasa lita tatu nukta nne, kwa saruji kilo tano. Akafuata ule mstari kwenye daftari lake kwa kidole, polepole. Kisha akafuta maandishi ya Spika na kuandika ishirini na tano.

"Kutoka thelathini na nane!" Spika akaguna. "Hii aibu tutaificha wapi?"

Mashine ikanguruma. Namba ikapanda, ikapanda, halafu krak! Ubavu wa kyubu ukabanduka. Ishirini na sita nukta nne.

"Tumepata!" Spika akaruka. "Si nilisema?"

"Ulisema nini wewe?" Miwani akauliza, na darasa likaangua kicheko.

Dokta akaandika kwenye daftari lake. "Kundi lote, ishirini. Mmelijua zege lenu." Akamgeukia Bi Fundi. "Wewe zako nazishikilia. Uongo huu sikuukamata, umeniletea mwenyewe, kwa hiyo somo hujalipoteza. Lakini saini yako siiamini bado. Changanya upya, karatasi mpya, siku ishirini na nane nyingine."

"Sawa, Dokta. Asante."

Alianza mchana uleule. Zege likagoma vilevile, jasho likamtiririka hadi kwenye kope. Miwani akaja, akamwomba sepetu bila maneno mengi, akageuza mara kumi. Spika naye akapokea, akilalamika kuhusu mgongo wake. Waligeuza kwa zamu mpaka likakubali. Bi Fundi akanawa mikono, akaifuta ikakauka vizuri, akaandika lita mbili na nusu, akaweka saini.