Dirisha la Upande wa Pili

Bi Icilda aliteremka kwenye basi la kutoka mji wa Limón, kichwani beseni la pati, mikate midogo iliyojazwa nyama, zingali moto chini ya kitambaa. Alikuja kuiona stesheni ya zamani, iliyokarabatiwa ili watu waitembelee, na kuuza palepale alipouzia mama yake mpaka treni ya mwisho ilipopita.

Langoni alisimama Orlin, mlinzi, mtoto wa jirani yake. Alimtua beseni kabla hajaombwa.

"Pole na jua, bibi. Lakini meneja hataki wachuuzi jukwaani. Eti mnaharibu historia."

"Historia gani hiyo isiyokula?"

Orlin alicheka, kisha akainamisha kichwa. "Akikuona, kibarua changu kitaota nyasi."

"Basi wewe hukuniona."

Akajitwika beseni, akazunguka nyuma ya behewa la zamani lililowekwa relini kwa maonyesho, upande usio na jukwaa. Kulikuwa na matope. Hata enzi zile kampuni ya reli iliwakataza wanawake wachuuzi jukwaani, kwa hiyo mama yake na wenzake walisimama huku, wakiinua mabeseni hadi madirishani.

Ndani ya behewa wageni walikuwa wamekaa wakimsikiliza meneja.

"Pati! Pati moto!" aliita Bi Icilda. "Pilipili ya kweli, si ya wagonjwa!"

Vichwa viligeuka. Mama mmoja alihangaika na dirisha, rangi mpya imeling'ang'ania. Orlin akaacha lango, akapanda behewani, akaligonga kwa chini kama alivyofanya baba yake enzi za treni. Likashuka. Mikono ikatoka.

Meneja naye akatoa kichwa. "Mama, nilikataza!"

"Umekataza jukwaani, mwanangu. Hapa si jukwaani. Hapa alisimama mama yangu, mvua na jua, na hakuna aliyemwondoa."

"Ondoka!"

"Njoo uniondoe. Shuka, na hivyo viatu vyako vyeupe."

Behewa zima likaangua kicheko. Meneja aliyatazama matope, akawatazama wageni wake wanavyotafuna. Akajaribu kufunga dirisha. Likagoma.

Bi Icilda alimwona midomo imemkauka kwa kuongea tangu asubuhi. Akachagua pati nono, akaiinua mpaka mkononi mwake.

"Kula kwanza. Utanifukuza umeshiba."

Meneja akaishika, hajui aitupe au aile. Harufu ikamshinda.

"Kesho nakuja na beseni kubwa," alisema Bi Icilda, akimtengea Orlin mbili.