Barua za Mpima Ardhi

Asubuhi ile binti alikuwa anapiga pasi gauni la Jumapili, lile la maua madogo, na mama yake amesimama mlangoni anawaza viti vya kuazima kwa ajili ya wageni.

"Mkwe wangu anakunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

"Sijui, mama. Hatujawahi kunywa pamoja."

"Hata kuonana hamjaonana," mama akasema, ila kwa kucheka. Binti alikuwa na miaka thelathini na minne, na mchumba wa kwenye simu ni afadhali kuliko kuongea na ukuta.

Kazini yeye ndiye mtu wa vifungo. Kiwanda chenyewe kidogo tu, cha kushona sare za shule: cherehani sita, meza ya kukatia, na kigoda chake dirishani. Walimwita Kimya. Kila siku saa ya chai, mkubwa wao, waliyemwita Shangazi Redio kwa sababu hazimiki, aliwasomea kitabu cha mapenzi kisicho na jalada. Wiki hii ilikuwa hadithi ya msichana wa posta na mpima ardhi anayemwandikia barua kutoka porini. Kimya aliipenda mpaka uzi ulikuwa unamponyoka.

"Huyo mpima ardhi angekuwa wangu," mkata vitambaa alisema, "angepima mpaka chini ya kitanda."

Jumatano Shangazi alisoma barua moja: "Nikizima taa, wewe ndiye unabaki unawaka." Kimya akajichoma sindano. Maneno hayo hayo mchumba wake alimtumia mwezi uliopita. Akafikiri kidogo, akaona raha. Kumbe na yeye anasoma vitabu. Wanaume wanaosoma wako wangapi? Hakumwambia mtu.

Ijumaa hii ilikuwa sura ya mwisho. Msichana wa posta amekataa posa ya jirani kwa ajili ya zile barua, na Kimya hapo alimwelewa sana, maana naye alimkataa fundi viatu wa kona ya pili, mgane mwenye adabu zake. Fundi viatu ameshaoa mwingine.

Shangazi akasoma polepole, kama anakula mnofu ambao hataki uishe. Msichana amekaa stesheni na gauni jipya. Treni imekuja, imeondoka. Halafu anatokea rafiki yake wa kazini, anamwambia: mpima ardhi hayupo, tulikuwa tunakuandikia sisi, kwa zamu.

Kimya akacheka, akapiga na paja. Hakulitegemea hata chembe, na hadithi ikikugeuka hivyo ni utamu mtupu.

"Jamani, huyu mtunzi mchawi. Kumbe rafiki zake!"

Hakuna aliyecheka naye. Akainua kichwa. Wote walikuwa wanamtazama yeye, vile mtu anavyotazama sufuria ya maziwa inapokaribia kufurika.

"Endelea kucheka," mkata vitambaa akasema taratibu. "Tumekusubiri miezi mitano."

"Mwacheni bibi harusi," akadakia wa cherehani ya mwisho. "Keshokutwa ana wageni."

"Mimi nilisema tuishie kwenye ile barua ya taa, mkaniona mwoga," mwenzake akaongeza.

Kimya aliangalia vidole vyake. Vilikuwa bado vimeshika kifungo.

"Niliwakosea nini?"

Shangazi Redio alikunja kona ya ukurasa kwanza.

"Hujakosea, mwanangu. Ila ulikuwa unajiona. Mtu unakaa na wenzako mwaka wa tatu huongei, unafikiri ukimya ni cheo. Tukasema tukuvishe kilemba cha ukoka, tuone kama utaongea."

Mkata vitambaa ndiye aliyeanza kucheka, na cherehani zote zikafuata.

Kimya hakulia. Alitoa simu chini ya rundo la mashati, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kwenye namba ile ile: "Jumapili unakuja saa ngapi? Mama anauliza." Akatuma.

Kwenye mfuko wa aproni ya Shangazi kitu kikatetemeka, kikagongana na mkasi. Shangazi hakukigusa. Alilamba kidole, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza.