Umeandika Wapi?

Saa nne asubuhi umeme ulikatika, na wakati huohuo Dada Mkubwa alikuwa na kidole juu ya kitufe.

Dada Mkubwa ndiye mpimaji wa damu wa hospitali. Alikuwa ameingiza majibu ya mifuko arobaini na mmoja ya damu iliyochangwa, akabonyeza, kioo kikamjibu: Imehifadhiwa. Kufumba na kufumbua, giza. Lakini neno aliliona kwa macho yake mawili, basi akafanya alivyofanya miaka yote: karatasi za vipimo akazitia kwenye kapu jekundu, zikaenda kuchomwa. Karatasi ya maabara haitunzwi, inachomwa.

Umeme uliporudi, ulirudi kwa kishindo. Seva ya hospitali, mashine inayotunza majibu yote, ikatoa harufu ya kuungua na kunyamaza.

Sasa ilikuwa saa saba. Wodi ya tatu alilala mama mjamzito wa kupasuliwa saa tisa, na damu yake ilikuwa ile adimu, O hasi. Kwenye friji huenda mfuko wake ulikuwepo. Lakini upi? Dawa za kupimia mifuko zilikwisha asubuhi ileile, nyingine zingekuja kesho. Mfuko usio na majibu ni maji mekundu tu.

Katika chumba cha seva, kidogo kama stoo ya mafagio, fundi wa kompyuta alipiga magoti. Walimwita Mama Chiriku, kwa sababu ya binti yake wa miaka miwili asiyefunga mdomo. Juu yake alisimama mkuu wake, Mzee Chapchap, bisibisi mkononi.

"Tunachomoa diski, tunazipachika kwenye mashine ya mapokezi," alisema mzee. "Dakika kumi, tumemaliza."

"Tusizichomoe, mzee wangu."

"Diski nzima hizo. Kilichoungua ni kifaa cha umeme."

"Majibu huenda hayajafika kwenye diski."

"Kioo kilisema yamehifadhiwa. Unataka kusema Dada Mkubwa anatuzuga?"

"Dada hatuzugi. Ila mwalimu wetu wa jioni alisema, mashine ikikwambia imeandika, iulize: umeandika wapi?"

"Mwalimu wa jioni," mzee akaguna. "Elimu ya jioni inasinzia kabla ubao haujafutwa."

Mama Chiriku akacheka, maana ilikuwa kweli. Mara ngapi alisinzia benchi la nyuma, mtoto amemlalia mapajani. Siku ile tu hakusinzia. Mwalimu alisema diski ni mwandishi mwenye mkono mzito. Ili watu wasikae foleni, mbele yake huwekwa kadi yenye kumbukumbu nyepesi. Kadi inapokea maneno, inasema nimeshika, nenda zako, kisha inamsomea mwandishi polepole. Umeme ukikatika katikati, maneno yanayeyuka. Isipokuwa kadi iwe na betri yake.

"Na hii inayo?" mzee akauliza alipomaliza kumweleza.

"Sijui, mzee. Ilifungwa kabla sijaajiriwa."

Alifungua ubavu wa seva. Vumbi. Waya wa umeme ulikuwa chini sakafuni, feni zimekufa, chuma kimepoa. Akainamisha kichwa na kuziba mwanga kwa kiganja.

Ndani kabisa, kijitaa cha kijani kama punje ya mtama kiliwaka. Kikazimika. Akahesabu moyoni hadi tano, kikawaka tena.

Saa tatu nzima mashine ilikuwa maiti, watu wakiizunguka kwa lawama, na humo ndani kitu kidogo kilikuwa macho, kimeshika kilichopewa, hakijauliza mtu.

"Nini hicho?" Dada Mkubwa aliuliza mlangoni, macho mekundu.

"Majibu yako, dada. Yameshikwa."

Mzee Chapchap aliinama, akatazama. Bisibisi ikashuka. Zingechomolewa, diski zingeondoka zenyewe na kadi ingebaki imeshika mzigo, ikingoja mwandishi asiyerudi, mpaka betri ikate roho.

"Basi tusihamishe mgonjwa," akasema taratibu. "Tumletee moyo."

Mashine ya mapokezi ilikuwa ndugu wa tumbo moja na ile seva. Hapo ndipo jina la mzee lilipopata kazi: alifungua kifaa cha umeme cha mashine hiyo na kukileta kabla simu ya pili ya wodini, ya kuulizia damu, haijakatika. Mama Chiriku aliizuia kadi kwa vidole viwili isitikisike, kama unavyomshika mtoto aliyelala ukimtoa mkekani kumpeleka kitandani.

Wakawasha. Kioo kikaandika: Kuna maandishi yaliyokuwa yakisubiri. Yanaandikwa sasa.

Kijitaa kikapepesa mbiombio, kisha kikatulia, kikazimika.

Majibu yalikuwepo, arobaini na moja. Mfuko wa ishirini na tisa: O hasi. Muda wa kuoanisha damu hiyo na ya mama, kazi isiyohitaji dawa zile, ulitosha. Dada Mkubwa alikimbia.

Alirudi saa kumi, amejiegemeza mlangoni. "Wako wawili," alisema. "Wote wanapumua."

Mama Chiriku alikuwa bado sakafuni, ubavu wa seva wazi. Alikuwa akiitazama kadi, hakutaka kuufunga.

"Na ile namba ya mfuko, dada," Mzee Chapchap akauliza, "uliandika wapi?"

Dada Mkubwa akafungua kiganja. Ishirini na tisa, kwa wino wa bluu, jasho halijaifuta.

Mzee akakitazama kiganja, akaitazama kadi. Akapuliza vumbi juu yake, polepole mno kwa mtu kama yeye.

"Mama Chiriku," akasema, "hilo darasa lenu la jioni linaanza saa ngapi?"