Okidi Nyeupe ya Pulkeria

Mwaka 1954, pale Kihanga, Zuleha na jirani yake Pulkeria walikuwa wakiotesha maua ya okidi, kila mmoja barazani kwake. Okidi nyeupe ya Pulkeria ilipochanua kwa mara ya kwanza, aliwaalika wenzake wa kanisani waje kuitazama Jumapili. Zuleha alitamani mbegu zake. Bila kuomba, alichukua chavua ya okidi yake mwenyewe kwa kijiti, akaipaka kwenye ua la Pulkeria.

Wageni walikuta ua limenyauka.

“Likishapata chavua hunyauka,” Pulkeria aliwaambia, akishika kikonyo kilichoanza kuvimba. “Nani mwingine hapa ana okidi?”

Zuleha, aliyekuwa amesimama kati ya wageni, alijifunika uso kwa kanga. “Ni mimi, dada. Nisamehe.”

“Ungeniomba tu, Zuleha.”

Tunda lilipokomaa, Pulkeria alimpelekea mbegu. Zuleha alizipokea akitazama chini.